Gervase Ziem Dabuo, Fundi Aliyezivusha Habari Zetu Mto

Marehemu Gervase Ziem Dabuo alizaliwa tarehe 4 Juni 1956 hapa Kyenguo, mtoto wa pili wa mzee Dabuo na mama Kuusoglo. Wa kwanza alikuwa Cosmas. Wawili hao walilala mkeka mmoja na kula chungu kimoja, mpaka Cosmas alipovuka mto kwenda kulima upande wa Burkina, akaoa na kubaki huko.

Alisoma shule ya misheni Nandom, ambako aliifungua redio ya padri ili aone msemaji anakaa wapi. Alichapwa, na uzeeni alikuwa akisema bado anamtafuta msemaji huyo. Mwaka 1978 alihitimu ufundi wa umeme mjini Tamale.

Tarehe 21 Aprili 1984 alifunga ndoa na Clotilda Ayuo. "Alikuja kuposa na mita ya umeme mfukoni," mama Clotilda alitusimulia juzi. "Baba yangu akauliza, huyu amekuja kuoa au kunipima?" Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Perpetua.

Redio yetu ilipofunguliwa mwaka 1999, Gervase ndiye aliyekabidhiwa mtambo wa kurushia matangazo pamoja na betri zake, maana umeme wa huku tunaujua wenyewe. Kila asubuhi redio ilisoma misiba, na ndugu wa pande zote mbili za mto walijua nani wa kwenda kumzika.

Machi 2001 mama yao alifariki wakati mtambo umegoma. Gervase alizipima betri zikiwa zimetulia, zote zikaonyesha nguvu kamili, akaamini kosa liko kwenye kisanduku kinachoulisha mtambo umeme. Akabadili fyuzi, akabadili waya. Mtambo uliwaka ukazima, ukawaka ukazima. Kumbe betri moja ilikuwa imekufa ndani. Ikikaa bure inaonekana nzima, ikitwishwa kazi inaanguka. Alipoigundua, mama alikuwa ameshazikwa, kwa kuwa joto la Machi halingoji mtu.

Cosmas alikuja akakuta udongo mbichi. "Misiba ya watu wote umeitangaza," alimwambia mdogo wake, "wa mama yetu umeumeza." Akarudi kwake, na hakukanyaga tena Kyenguo. Kila Krismasi Gervase alivuka mto kwenda kumwamkia. Alipewa maji ya kunywa. Neno hakupewa. Jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho, na hakuna haja ya kulifunika leo.

Perpetua alipoanza kazi redioni, baba yake alimfundisha upya kile kilichomponyoka yeye. "Betri usiipime imekaa, mwanangu. Itwishe mzigo, halafu uiangalie."

Miaka miwili ya mwisho moyo ulimsumbua. Akiwa kwenye kiti alisema ni mzima, tukamwamini. Akienda mpaka kwenye mlingoti wa redio alirudi akihema. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 9 Januari 2023.

Asubuhi hiyo mtambo ulizima. Cosmas hakuwa akipokea simu ya mtu yeyote wa Kyenguo, kwa hiyo redio ndiyo iliyobaki. Perpetua alikuwa ameshafungwa uzi kwenye kifundo cha mguu kama wanavyofungwa watoto wa marehemu, asije akajidhuru kwa uchungu, na mwisho wa uzi ulishikwa na mzee Akolgo, msomaji wa redio, mtu wa kabila la Wafrafra, watani wetu sisi Wadagaaba. Marehemu alikuwa ameketishwa uani mbele ya waombolezaji, kama ilivyo desturi yetu. Perpetua aliposimama ili aende redioni, shangazi yake alimzuia.

"Mfiwa hatoki, Pepe. Baba yako amekaa pale watu wanamlilia, wewe unakwenda kwenye mashine?"

"Shangazi, baba mkubwa hajajua."

Akolgo akamgeukia marehemu kwenye kiti chake cha heshima. "Wewe Mdagaaba mvivu. Umeona mtambo mbovu ukaamua kufa." Kisha akamfuata binti nyuma, uzi mkononi, machozi yakimtoka.

Redioni wote walisema kosa ni la kile kisanduku. Perpetua hakukigusa. Aliitwisha mzigo betri moja moja, akaipata iliyoanguka, akaitenga safu yake nzima na kuubakisha mtambo kwenye safu ya pili, kwa nusu ya nguvu. Hakuna aliyejua kama nusu ingevuka mto. Akolgo alisoma tangazo, akalirudia mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake mchana Cosmas alifika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mwanawe aliyemsindikiza alitwambia kwamba miaka yote hiyo mzee hakukosa matangazo ya asubuhi ya Kyenguo. Marehemu hakulijua hilo, nasi linatutoa machozi zaidi kuliko kifo chenyewe.

Cosmas alisimama mbele ya kiti. "Ziem, nimesikia," alisema. "Nimesikia, mdogo wangu." Halafu akamwendea Akolgo, akainua mikono, akaomba afungwe kamba ya kiunoni, ile wanayofungwa ndugu wa tumbo moja.

Marehemu ameacha mjane, Clotilda, binti, Perpetua, wajukuu wawili, na kaka yake, Cosmas, ambaye mpaka tunapoandika haya amekataa kufunguliwa.

Ulale salama, Ziem. Habari yako imefika.