Dalenda Chaabouni, Aliyetufundisha Kuogopa Kushinda

Tarehe 31 Machi mwaka huu, Bi. Dalenda Chaabouni anastaafu baada ya misimu thelathini na mitatu ya zeituni katika ushirika wetu wa kukamua mafuta hapa Sfax. Alikuja Oktoba 1992 akitokea darasani, mwalimu wa hesabu mwenye mkoba wa ngozi na miwani iliyofungwa kwa uzi, akapewa kazi ya karani wa takwimu. Anaondoka akiwa mkuu wa ununuzi. Miwani amebadilisha, mkoba ni uleule.

Walioajiriwa juzi wanamjua kwa mambo madogo. Madereva wetu wawili walipogombana kila wiki juu ya nani aende mashamba ya mbali, aliwaambia mmoja agawe njia mafungu mawili na mwenzake achague kwanza. Ugomvi ukaisha, maana anayegawa kwa hila ndiye atakayebaki na fungu baya. Aliiita hesabu ya michezo: kabla hujaamua, jiulize mwenzako anaona nini na atafanya nini.

Lakini sisi wa zamani tunakumbuka vuli ya 1994.

Huku kwetu zao hununuliwa likiwa bado mtini. Wanunuzi hutembea shambani, kila mmoja akikadiria zitavunwa kafizi ngapi, kipimo chetu cha zeituni, kisha hupandishiana bei mnadani. Misimu miwili mfululizo tulikuwa tumeshinda mnada wa shamba kubwa la Henchir Lahmar. Tulishangilia, tukachinja kondoo, halafu mavuno yakaja pungufu mno. Kama tungekosea mara ya tatu, kinu kingefungwa na watu arobaini na mmoja wangerudi nyumbani.

Wakadiriaji wetu walikuwa watatu na walitembea pamoja. Kwa desturi, mkubwa wao, Haji Mokhtar, ndiye aliyetaja idadi kwanza. Wenzake waliitikia, pengine wakaongeza kidogo kwa adabu. Mwaka huo Dalenda alimpa kila mmoja kipande cha karatasi na penseli, akawatenganisha, kila mtu na safu yake ya miti.

“Binti, unanipa mtihani?” Haji aliwaka. “Mimi nimezaliwa kati ya miti hii!”

“Ndiyo maana nataka jibu lako, Haji, lisichanganyike na la mtu.”

Ami Laroussi, mdogo wa wale watatu, aliigeuza penseli mkononi akauliza, “Na nikifeli, nitarudia darasa la ngapi?”

Karatasi zilirudi bila majina. Mbili zilikaribia mia tisa. Ya tatu ilisema mia tano na ishirini. Dalenda alichukua wastani akapanga bei, kisha, aliposikia wanunuzi mwaka huo ni saba, akaishusha bei yetu tena. Mwenyekiti, Bwana Ridha, alishika kichwa.

“Wapinzani wameongezeka, wewe unashuka? Unaogopa nini?”

“Naogopa kushinda.”

Hebu tulieleze hili polepole, kwa kuwa ndilo alilotuachia. Watu saba wakikadiria shamba moja, wengine watazidisha, wengine watapunguza, na ukweli utakuwa mahali fulani katikati. Mnada haumpi shamba mtu wa katikati. Humpa aliyekadiria juu kuliko wote, yaani, mara nyingi, aliyekosea zaidi. Na kadiri watu wanavyokuwa wengi, ndivyo kosa la huyo wa juu linavyokuwa kubwa.

Mnadani tulinyamaza mapema. Mnunuzi mwingine akalichukua shamba, na mtu wake mmoja akatupigia kelele: “Hao walikuja kunywa chai tu!” Kesho yake Dalenda alinunua mashamba manne madogo ambayo wakubwa waliyapita, yenye mpinzani mmoja mmoja. Henchir Lahmar ilitoa kafizi mia tano na sitini. Kinu chetu kilizunguka hadi Machi, na hakuna aliyerudishwa nyumbani. Msimu uliofuata, Haji Mokhtar, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizia karatasi.

Alhamisi iliyopita tulimuaga Dalenda kwa mkate wa shayiri na mafuta ya msimu huu. Ami Laroussi, ambaye sasa ana miaka themanini na sita, alikuja na mkongojo wake, akaomba kusema.

“Ile ya mia tano na ishirini ilikuwa yangu. Misimu mingapi niliona miti ile imechoka, nikakaa kimya. Ningembishiaje Haji?”

Dalenda alifungua mkoba akatoa kikaratasi kilichogeuka manjano.

“Nilijua siku ileile, Ami. Tarakimu yako ya mbili huwa inalala chali.”

“Miaka yote hii hukumwambia mtu?”

“Ningesema, nani angeniandikia ukweli tena?”

Mzee alikicheka kikaratasi chake, kisha akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Wengi wetu, tulioandika makadirio yetu kwa siri misimu iliyofuata, tulikuwa na karatasi zetu ndani ya mkoba ule, na kila mmoja alijua yake haijawahi kuonyeshwa kwa mtu.

Asante, Bi. Dalenda, kwa kinu ambacho bado kinazunguka, na kwa siri zetu ulizozitunza. Mungu akupe afya, asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu wanaojua kugawa keki: mmoja akate, mwenzake achague. Maisha yako ya mbele yawe mema, na mlango wetu ni wako.