Wanne Tuliomtolea Damu Fundi Viatu

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kinyozi, ng'ambo ya lango la hospitali. Zamani, jamaa wa benchi hili akilazwa, hatukungoja kuitwa. Tuliacha vikombe vya kahawa palepale, tukavuka barabara tukikunja mikono ya mashati, kisha tukarudi kila mmoja na pamba kwenye kiwiko, tukitembea polepole makusudi ili mtaa utuone. Jana jioni Kinyozi alifunga duka mapema. Binti yake alikuwa wodini, angepasuliwa asubuhi, na daktari alitaka watu watatu wa kutoa damu. Walikuwa wamepatikana wawili tu, Kinyozi mwenyewe na mkwe wake. Alikuja benchini na mkwe huyo, kijana mpole ambaye hakuwahi kukaa nasi. Wa tatu angekuwa Pipa, mchukuzi wa magunia, ambaye hajakosa hata mara moja. Tatizo ni kwamba Pipa aliinuka kitandani wiki tatu tu zilizopita, baada ya malaria. Fundi Friji na Redio, tuliyempa jina hilo kwa wingi wa maneno, walikuwa wameshakaa.

PIPA: Saa moja asubuhi nipo langoni.

KINYOZI: Kaka, siku hizi wana karatasi ya maswali. Ukisema umeugua malaria karibuni, wanakurudisha mpaka ipite miezi mitatu.

PIPA: Basi nitasema hapana. Nimepona, nabeba magunia. Mara kumi na tisa nimetoa, leo nikwamishwe na karatasi?

FUNDI FRIJI: Na hata vidudu vikiwemo, damu si inakaa kwenye friji? Mimi friji nazijua. Hakuna kinachotoka humo kikiwa hai.

REDIO: Muongo! Juzi umefungua friji ya shemeji, mende wakakuamkia.

FUNDI FRIJI: Ile ilikuwa mbovu.

REDIO: Sikilizeni mimi. Kidudu nacho kina kwao. Kimezoea mwili wa Pipa, kinajua vichochoro vyote. Ukikihamishia kwa mtu mwingine kinapotea njia, kinakufa kwa upweke. Na kisipokufa, wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

KINYOZI: Mwenyeji ni binti yangu, Redio.

FUNDI FRIJI: Basi afanye hivi. Alfajiri anywe kahawa chungu vikombe vitano. Vidudu havitaki uchungu, vitakimbilia miguuni. Sindano inachomwa mkononi! Vikija kushtuka, damu imeshaondoka.

Pipa alicheka hadi benchi likalia.

PIPA: Nami nitakuwa nimepunguziwa mzigo. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

— Na aliyekaa chini ya pakacha? nilimuuliza.

Redio aligeuza maneno, kama ilivyo kawaida yake.

REDIO: Mnamkumbuka Fundi Viatu, Mungu amrehemu? Lori lilipomvunja paja, nani aliulizwa maswali? Tulivuka wanne: Pipa, Fundi Friji, mimi na huyu ndugu yetu msoma vitabu. Kinyozi aliogopa sindano, akatushikia makoti.

KINYOZI: Sikuogopa. Makoti yalihitaji mtu.

FUNDI FRIJI: Soda baridi na biskuti mbili mbili. Yule nesi mnene akasema hajaona mtaa wenye upendo kama wetu.

PIPA: Fundi Viatu alipotoka wodini akatupigia rangi viatu sote. Mpaka anahama mtaa alikuwa akituita "mishipa yangu minne".

Niliiona tena ile foleni yetu ya vijana wenye nguvu, na Fundi Viatu kwenye mto, uso wake wa kijivu ukirudiwa na rangi.

FUNDI FRIJI: Ila ile homa ilimtesa, jamani. Hazikupita wiki mbili tangu tumtolee damu, ikamshika. Tulimpelekea mablanketi matatu na bado kitanda kilikuwa kinatetemeka.

REDIO: Malaria. Mbu wa wodini wale.

PIPA: Mbu wa wodini, ndiyo.

Miaka yote tumesema hivyo. Mkwe wa Kinyozi aliweka kikombe chini.

MKWE: Samahani, wazee wangu. Siku ile mliyotoa, nani kati yenu alikuwa ametoka kuugua?

Fundi Friji alitazama viatu vyake. Nilijaribu kukumbuka. Yalikuwa majira ya mvua, na wakati wa mvua ni nani mtaani hakupata homa? Ladha ya ile soda ninayo mpaka leo. Hali ya mwili wangu wiki ile siikumbuki kabisa. Hakuna aliyekwenda pale kwa nia mbaya. Tulikwenda kwa sababu tulimpenda.

Kahawa ilipoa mikononi mwetu.

— Mimi sijaumwa mwaka mzima huu, nilimwambia Kinyozi. Asubuhi nitakwenda nikajibu maswali yao, wanipime.

KINYOZI: Ahsante, ndugu yangu.

PIPA: Nami nakwenda. Wakiniuliza, nitasema niliugua.

KINYOZI: Watakurudisha, kaka.

PIPA: Wanirudishe. Nitakaa nje ya mlango mpaka mtoto atoke.

KINYOZI: Utafanya nini huko nje?

Pipa alijipapasa kiwiko.

PIPA: Sijui. Sijawahi kwenda pale nikarudi na damu yangu.