Daktari Anayeshika Mkono

Lori la kwenda Kinna, mwaka wa 1979, lilikuwa na nafasi tele, lakini sote tulijibana upande mmoja. Upande wa pili alikaa mama mzee wa Kiborana na fimbo yake, mikono imejaa mabaka.

Mwalimu mmoja Mmeru ndiye aliyemsemesha. "Mama, hiyo ni choa tu, si ukoma."

"Najua, mwalimu. Daktari ya Isiolo amekwangua ngozi, akaangalia kwa mashine, akanipa vidonge. Zingine nameza, zingine nafukia mchangani."

Mwalimu alikasirika kana kwamba vidonge ni vyake. "Unafukia dawa? Hutaki kupona?"

"Nikipona, daktari hataniita tena. Tangu mzee wangu afe, ni yeye peke yake anashika mkono yangu."

Mwalimu akatugeukia, akatueleza kwa kirefu kwamba choa huogopwa na wajinga tu. Tulikubali, bila kusogea.

Lori likasimama penye njia ya kwake. Mama akanyoosha mkono ashushwe. Mwalimu akaruka chini upesi, kwa adabu zote, akamshika fimbo.