Povu la Mama Helena: Maisha ya Veridiana Optatus Nandonde (1948–2001)

Ndugu waombolezaji, leo Jumanne tarehe 19 Juni 2001 tumekuja hapa Chiwata kumsindikiza Veridiana Optatus Nandonde, ambaye Masasi nzima ilimwita Mama Helena. Wasifu wake unasomwa na shemeji yake, Erasto Chilumba, mdogo wake marehemu Vitalis aliyekuwa mume wa Veridiana. Wengi mnajua kwamba Erasto na Veridiana hawakusalimiana kwa miaka saba, na tayari mmeanza kutazamana. Ni marehemu mwenyewe aliyemchagua Erasto asome. Alimwagiza asimpambe, kwa hiyo mapambo hapa yatakuwa machache.

Veridiana alizaliwa tarehe 12 Agosti 1948 katika kijiji cha Kitangari, Newala, mtoto wa kwanza wa Mzee Optatus Nandonde na Mama Julia. Mambo mawili yalimlea kule juu mlimani: baridi na shida ya maji. Maji yalifuatwa mabondeni na kupandishwa kichwani, na mtoto aliyemwaga kikombe alisimangwa mpaka jioni. Mama Julia alifua nguo za nyumba nzima kwa maji ambayo watu wa Masasi wangenawia uso tu. Baridi nayo ilimchukua Cecil, mdogo wake Veridiana, Julai mwaka 1957, akiwa na miezi minane. Bibi alimwonea huruma, akaingiza gae la makaa chumbani, akafunga mlango na kuziba nyufa kwa matambara ili ukungu usipenye. Asubuhi bibi aliamka na kichwa kinachompasuka. Mtoto hakuamka. Watu walinong'ona mengi juu ya jirani mmoja, lakini Veridiana, ambaye ndiye aliyefungua mlango ule, alikumbuka kitu kimoja tu: mle ndani hapakuwa na moshi wala harufu.

Alisoma Kitangari, akamaliza darasa la nane mwaka 1964. Siku moja mtawa aliyewafundisha afya aliandika ubaoni kwamba makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Veridiana aliinua mkono akauliza, "Sista, na jirani hahusiki?" Darasa lilicheka. Yeye alirudi nyumbani akamweleza bibi yake, wakalia wote wawili, na kuanzia wiki ile jirani aliyeshukiwa miaka yote akaanza kuletewa mihogo bila kuambiwa kwa nini.

Mwaka 1967 aliajiriwa kuwa dobi wa misheni mjini Masasi. Jumamosi tarehe 16 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Vitalis Chilumba wa hapa Chiwata, mtunza ghala la korosho, mtu mpole mwenye kucheka kwa mabega. Walijaliwa watoto wawili, Helena mwaka 1973 na Cecil mwaka 1977. Erasto, aliyekuwa karani wa korosho, alikuwa haondoki mezani kwao, na utani wake na shemeji yake ulikuwa chumvi ya nyumba ile. Miaka ya mwanzo ya themanini, sabuni ilipopotea nchini, Veridiana alifua kwa majani ya mpapai na nguo zikatoka safi. Erasto alipenda kusema kwamba shemeji yake angeweza kufulia hata mate.

Kazi iliyomjulisha kwa watu ilimfuata akiwa bado dobi, mwezi Julai mwaka 1986, wakati miche ya sabuni imeanza kuonekana tena madukani. Misheni ilikuwa na ndege ndogo kuukuu ya kubebea wagonjwa, yenye injini iliyotengenezwa kabla ya uhuru. Rubani wake, kijana Walter Hyera, alikuwa akiumwa kichwa kila asubuhi aliporuka. Alikuwa amekunywa dawa za malaria mara tatu, na kila damu yake ilipopimwa hakikuonekana kitu. Veridiana alipokwenda kuchukua nguo zake za kufua, alimkuta amejilaza kwenye benchi la karakana.

"Kichwa kinakuuma hata ukiwa huku chini?"

"Hapana, Mama. Ikifika mchana kinaacha. Ni asubuhi, kukiwa na baridi."

"Na ukisikia baridi huko juu unafanyaje?"

"Nafungua joto."

"Linatoka wapi hilo joto?"

Walter alimwonyesha. Chini ya injini kulikuwa na ekzosi, yaani mabomba yanayotoa moshi, na sailensa yake ilizungukwa na gamba la bati. Hewa ilipita kati ya gamba na sailensa, ikapata joto, ikaingia miguuni kwa rubani. Veridiana alitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi ni makaa."

Fundi mkuu, Mzee Husseni Shamte, hakufurahi kufundishwa kazi na dobi. Alisema ekzosi ile ameipaka sabuni na kuipuliza juzi tu, na haivuji. Veridiana alimwamkia shikamoo, akaomba kuona anavyopaka. Husseni akachukua ndoo nzima ya maji, akatia kipande cha sabuni, akakoroga, akamwagia. Maji yote yakakimbilia sakafuni.

"Fundi, unaiogesha," Veridiana akasema. "Mimi natoka Newala. Nipe nusu kikombe."

Akakwangua sabuni ya mche kwenye nusu kikombe cha maji, akaipiga kwa mkono mpaka povu likasimama lenyewe, zito, lisilotiririka. Akalipaka chini ya sailensa kwenye mshono. Husseni akapuliza hewa kwa mivukuto ya mhunzi. Walingoja. Kisha mahali pamoja povu likaanza kuinuka taratibu, kama uji unaotaka kuchemka, na lilipofutwa ukaonekana ufa mfupi kuliko ukucha. Mzee Husseni alivua kofia yake. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wa misheni kuwaomba wampe yule dobi, na kuanzia hapo katika karakana ile saini ilikuwa ya Husseni na povu lilikuwa la Mama Helena. Husseni alitoa amri kwamba asiporidhika Mama Helena, ndege hairuki.

Veridiana alijifunza kazi ile kwa bidii iliyochosha wenziwe. Aliyajua mabomba yale kwa vidole, bomba lipi limekonda na kiungo kipi kimeanza kulegea. Husseni alimfundisha kwamba ekzosi haiwekwi alama kwa penseli kamwe, maana mchoro wa penseli ukipata moto hudhoofisha chuma, na ufa huja kupita palepale. Yeye alitumia chaki tu. Erasto, ambaye penseli ilikuwa haimtoki sikioni, kila alipokwenda kumwona alizuiwa mlangoni. "Shemeji, hiyo silaha mwachie mlinzi," alimwambia, na Erasto aliikabidhi kwa heshima zote kama mtu anayesalimisha bunduki.

Tunafika sasa mahali ambapo Erasto angependa kuparuka, lakini aliagizwa asiparuke. Jumatano tarehe 14 Julai 1993, biashara ya korosho ikiwa imefunguliwa na wanunuzi binafsi wamejaa Masasi, Vitalis alipanda juu ya ghala lililokuwa limekodishwa, akaze mabati kabla ya msimu. Akaanguka, akapiga kichwa. Madaktari walisema damu inavujia ndani na kwamba anahitaji kupasuliwa Dar es Salaam siku ileile. Saa nne ndege ikawa tayari. Walter angerusha, muuguzi Esther angemwangalia mgonjwa, na Erasto angekaa nyuma kumshika kaka yake. Vitalis alilazwa kwenye machela kando ya uwanja. Ndani ya karakana mke wake alikuwa anapiga povu.

Lilichemka. Ufa ulikuwa kwenye shingo ya sailensa, mrefu kama kiungo cha kidole, ukielekea kwenye bomba la mafuta. Mtungi wa gesi ya kuchomelea ulikuwa umekwisha, mwingine ulikuwa Mtwara. Mzee Husseni alitazama povu, akamtazama Mama Helena, akarudi nyuma, kwa kuwa amri ilikuwa yake mwenyewe na leo ilimwangukia mwingine.

Walter alisema, "Mama, nikifunga joto na kufungua madirisha?"

"Hewa utaipata. Moto je?"

Erasto aliingia mbio, na penseli yake sikioni, hakuna aliyemkumbusha kuiacha. "Mama Helena, huyu ni mumeo."

"Namjua."

"Basi waache waende."

"Njoo uone, shemeji. Njoo uone mwenyewe."

Erasto hakwenda kuona. Alisema mbele ya watu wote kwamba mwanamke anayempenda mume wake angefumba macho. Maneno hayo ameyasema yeye, na leo anayarudia kwa kinywa kilekile ili asiwepo wa kumsemea. Veridiana aliuzungushia ufa ule duara la chaki, akanawa mikono, akaenda kupanda gari lililokuwa limepatikana, akakipakata kichwa cha mume wake. Walikwenda kwa barabara mchana kutwa na usiku kucha, wakinasa kwenye mchanga na kunasuliwa. Vitalis alifariki asubuhi ya tarehe 15, wakisubiri kivuko cha Rufiji pale Ndundu.

Baada ya maziko Erasto hakukanyaga tena nyumbani kwa shemeji yake. Wakikutana sokoni alivuka barabara. Alisema, na wengine hapa mlisema naye, kwamba Mama Helena alimuua mumewe kwa sabuni. Mwezi Oktoba sailensa mpya ilifika na ile ya zamani ikatupwa nje, Veridiana akaomba apewe, akaenda nayo nyumbani. Watu walisema ameanza kurukwa na akili. Hakuwahi kujitetea kwa mtu yeyote. Aliendelea na kazi mpaka misheni ilipomuuzia mfanyabiashara ndege ile mwaka 1997, na hata mfanyabiashara huyo alipomhimiza aharakishe ukaguzi wa mwisho, alijibiwa kwamba povu halina haraka.

Kisukari kilimwanza mwaka 1998, na mwaka uliofuata akakatwa mguu wa kushoto. Mwezi Agosti mwaka 2000 Helena alimwendea baba yake mdogo kumwambia tu kwamba mama anafifia. Erasto alikaa siku tatu, ya nne akaenda. Alimkuta uani kwenye mkeka. Hakuketi. Alikuwa na swali moja la miaka saba.

"Mama Helena, ile ndege ingefika?"

"Labda ingefika," Veridiana alisema. "Nimemwomba Mungu miaka saba anihakikishie kwamba isingefika, nilale. Hajanijibu. Povu haliniambii ya kesho, shemeji. Linaniambia hapa pana tundu."

"Basi kwa nini?"

"Vitalis alikuwa mume wangu. Lakini kwenye ndege mlikuwa wanne."

Katika miaka yote ile ya kuhesabu, Erasto alikuwa hajajihesabu mwenyewe. Aliuliza ile sailensa iko wapi. Ilikuwa pembeni ya jiko, kuku ametagia ndani. Waliyatoa mayai matatu, kuku akilalamika. Veridiana akamwagiza Helena alete sabuni na nusu kikombe cha maji, na Erasto akapiga povu kwa mkono wake mwenyewe, vibaya, likimtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

"Unaniharibia maji," shemeji yake akamwambia. "Ndiyo maana nasema ninyi wa huku chini hamkulelewa."

Ulikuwa utani wa kwanza baina yao baada ya miaka saba. Erasto akapaka, Veridiana akaziba upande mmoja kwa kiganja, na Erasto akaweka mdomo upande wa pili akapuliza. Povu likachemka ndani ya duara la chaki, ambalo lilikuwa limefifia lakini bado linaonekana. Alipuliza tena, na tena, mpaka machozi yakamzuia kupuliza. Kuanzia siku hiyo alikwenda kila Jumapili, bila penseli sikioni.

Mwezi Mei mwaka huu figo za Veridiana zilishindwa. Alilazwa hospitali ya Mkomaindo, akahudumiwa kwa upendo, na familia inawashukuru wauguzi wote. Alfajiri ya Jumapili tarehe 17 Juni aliomba afunikwe vizuri kwa sababu ya baridi, akauliza kama dirisha liko wazi kidogo, akaambiwa liko wazi. Saa kumi na mbili na robo alifariki dunia, Helena akiwa amemshika mkono. Leo anazikwa kando ya Vitalis.

Marehemu ameacha watoto wawili, Helena na Cecil, na wajukuu watano. Ameacha pia wadogo zake watatu walioko Newala. Erasto ameiomba familia majina mengine matatu yaandikwe hapa ingawa hayamo katika ukoo wake wa damu, na familia imekubali. Ameacha rubani Walter Hyera, aliyesimama pale nyuma na mkewe na watoto wao wawili, ambao mwaka 1993 walikuwa hawajazaliwa. Ameacha muuguzi Esther, aliyemfumba macho juzi asubuhi. Na ameacha shemeji mmoja, aliyekuwa akae kiti cha nyuma, ambaye leo ana miaka hamsini na mbili na pumzi ya kuwasomea haya.

Mungu amlaze Veridiana mahali pasipo baridi wala haja ya makaa, na huko, kwa amani, apumzike.