Kijiwe cha Sikioni mwa Samaki

Nikisimulia mimi, majirani hupunguza nusu kwanza ndipo wasikilize. Haya ya kwenye treni msipunguze kitu.

Mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana. Mama mmoja, mtafiti, alikuwa akienda kwenye mkutano wa wataalamu wa bahari za barafu. Baba wa pembeni yake alisema hufunga ndoana kwenye kamba za meli zinazovua huko huko.

"Kwa hiyo leo mnakwenda kutufungia bahari," alisema. "Mimi nina watoto wanne, mama."

"Tunakwenda kuomba ipumzishwe, kaka yangu. Maji yanapata joto, samaki wanapungua."

"Samaki wapungue bahari yote ile? Hata mwongo hadanganyi hivyo."

Mimi huwa nadanganya hivyo.

Mama alimwekea kiganjani kijiwe kilichokatwa katikati, kidogo kama punje ya hindi, akampa na lenzi. "Kimetoka sikioni mwa samaki mnayemvua. Kila mwaka huongeza mstari, kama gogo la mti. Hesabu."

Baba alihesabu midomo ikicheza. Kituo changu kilifika nikakiacha kipite.

"Arobaini na mmoja," alisema polepole. "Ananizidi miaka mitatu."

"Yote hiyo kwenye maji ya barafu, na damu haikuganda."

"Huyu ni wa kuamkiwa shikamoo, nami namtegea ndoana." Akakigeuza kijiwe kiganjani. "Lakini wanangu lazima wale."

"Najua."

Treni ikasimama. Baba akamrudishia mama kijiwe kwa mikono miwili.

"Huko mkutanoni waambie mzee huyu wa majini yupo," alisema. "Na mimi pia waambie nipo."