Plau ya Silasi na Shamba la Wegesa

Marehemu mzee Silasi Luhende alizaliwa Butiama tarehe 12 Machi 1922. Mama yake alifariki Silasi angali mchanga, akalelewa na dada yake mkubwa, Wegesa, aliyekuwa akienda naye mgongoni hata kisimani.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1936 akachunge ng'ombe. Mwaka 1948 alifunga ndoa na Marieta, wakalima pamba. Mwaka wa Uhuru alinunua plau na maksai wawili. Mmoja hakutembea mpaka aimbiwe, na mzee, ambaye sauti hakujaliwa, aliimba hivyo hivyo huku majirani wakicheka.

Mwaka 1974 walihamia kijiji cha ujamaa karibu na Nyamuswa. Plau ilikuwa moja, waliomtegemea wengi, na mvua haba. Alianza kulima kwa mwenyekiti wa kijiji, akaenda kwa karani wa pamba, kisha kwa wakwe. Wegesa, wakati huo mjane, alikuja kuuliza.

"Silasi, zamu yangu lini? Mvua hii inakatikaga."

"Vumilia, dada. Hao wengine wataninunia. Wewe hutaninunia."

Na kweli hakumnunia. Mvua ilikatika plau haijafika kwake. Alivuna mabua matupu, akachukua wanawe, akaenda Musoma kuanika dagaa wa watu pale ufukweni Mwigobero.

Mwaka uliofuata Silasi alimfuata amwombe arudi. Wegesa alimpokea kwa furaha, akamfungia dagaa. "Wapelekee watoto. Najua na nyie mna shida."

Mzee alisema alitamani angetukanwa. Alirudi bila kutamka alichoendea. Tangu hapo, akisifiwa kwa ukarimu, aliinama, akaondoka barazani.

Mwaka 1978 alianza kuvimba miguu, akalazwa hospitali mjini Musoma. Wegesa ndiye aliyemletea uji. Hapo alimwita mwanawe, Bernado.

"Mkinizika, msiseme nilisaidia watu wote. Semeni nilimwacha dada yangu."

"Baba, hilo si la kusoma msibani."

"Lisomeni. Mimi nilishindwa kumwambia."

Alifariki tarehe 3 Juni 1979. Tumelisoma.

Ameacha dada yake Wegesa, ambaye marehemu mwenyewe aliagiza atajwe wa kwanza. Mjane wake, Marieta. Watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Mungu ampumzishe, na aibu aliyoibeba aitue hapa.