Mzee Cleopas Makokha na Ukurasa Alioukalia Kimya

Wapendwa waombolezaji, wachungaji wetu, majirani wa Shard End hapa Birmingham na ninyi mliosafiri kutoka Kenya, familia ya Makokha inawashukuru kwa kuja, na inawaomba msikilize kwa utulivu maisha ya mpendwa wetu Cleopas Wekesa Makokha, pamoja na jambo moja la mwaka jana ambalo wengi wenu mlilisikia nusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 karibu na Kimilili, Wilaya ya Bungoma, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Yohana Makokha na Mama Rael Nasimiyu. Alisoma shule ya misheni jirani na nyumbani, kisha shule ya upili Kakamega hadi mwaka 1968, ambako alijulikana kwa kumwandikia mkuu wa shule barua kila maharagwe yalipopikwa na mawe, barua zenye adabu, zenye tarehe, na jina lake kamili likiwa chini.

Mwaka 1970 aliajiriwa na Posta, akahudumu Kakamega, Eldoret na Nakuru, na tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Truphosa Nekesa, muuguzi, wakajaliwa watoto wawili, Naliaka na Mark. Truphosa alikuja kufanya kazi Birmingham mwaka 1999, mumewe akamfuata na watoto mwaka 2001, akapata kazi ya kupanga barua katika kampuni moja katikati ya jiji, akaifanya hadi miguu ilipomshinda mwaka 2006.

Siasa aliipenda tangu ujana, na alipojiunga na tawi la Conservative, chama cha kihafidhina cha Uingereza, mwaka 2004 Wakenya wenzake walimcheka waziwazi, naye akawajibu kwamba alikwisha kuishi chini ya serikali iliyotaka kuwa kila mahali, sasa aliomba serikali yoyote ifanye mambo machache, iyafanye vizuri, na ijibu barua. Mwezi Februari 2005 Mark alimfungulia blogu, akaiita Dirisha la Shard End, akaandika humo kwa Kiswahili na Kiingereza kuhusu ndoa, shule na kazi ya mikono, na kuanzia Januari 2008 akaanza kuzifungua tovuti za serikali moja baada ya nyingine na kueleza alichokikuta, ukurasa unaowatakia watu Krismasi njema mwezi wa tano, namba ya simu inayolia katika chumba kilichokwisha kubomolewa. Watu walicheka, wasomaji wakaongezeka, na Bwana Narinder, jirani yake wa ukuta kwa ukuta na mwenzake katika tawi, akawa anazichapa makala hizo na kuzigawa mkutanoni.

Tarehe 20 Mei 2008, saa nne asubuhi, marehemu alifungua tovuti ya ofisi moja inayowatafutia makazi watu waliokimbia kupigwa nyumbani, akakosea tarakimu moja ya mwisho katika anwani ya ukurasa, na fomu ya mtu mwingine ikafunguka mbele yake, jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali anapoishi, shule ya watoto. Alidhani ni ajali, akabadilisha tarakimu tena, ikafunguka nyingine, na ya tatu ilikuwa ya mama mmoja wa kanisa letu, ambaye sisi tulijua tu kwamba ametoka mbali na hapendi kupigwa picha. Fomu ilieleza kwamba mume wake alimvunja mkono mara mbili. Marehemu aliizima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani.

Siku hiyohiyo aliipigia simu ofisi ile, akaambiwa mfumo uko salama, akaandika barua mbili, hakujibiwa. Ndipo alipofanya kosa alilolijutia hadi mwisho, kwa maana tarehe 8 Juni aliandika katika blogu kwamba kuna tovuti ya serikali iliyoacha mlango wazi, na watu walio hatarini wanaonekana kutoka barabarani, bila kuitaja ofisi wala jina la mtu.

Jumapili iliyofuata, tarehe 15, ibada ilipokwisha, mwanamume mmoja nadhifu, mwenye suti ya kijivu, alimsubiri karibu na magari, akamwamkia kwa heshima, akasema amesafiri kutoka London baada ya kusoma Dirisha la Shard End, akatoa picha ya mke na watoto wawili.

“Mzee, wewe unajua kuzifungua hizi tovuti,” alimwambia. “Nisaidie tu nijue wako wapi. Nawapenda.”

Marehemu alijibu kwamba yeye ni mzee wa posta na hajui lolote, huku akiona kwa jicho la pembeni mama yule wa fomu, ndiye wa kwenye picha, akitoka mlangoni na watoto wake, akamshika mgeni mkono, akamgeuza taratibu kuelekea barabarani, akamsindikiza hadi kituo cha basi akimsimulia habari ndefu za Nakuru, na hakuondoka kituoni hadi basi lilipopotea machoni.

Alifuta makala ile alasiri hiyo. Mwezi Julai ilikuja barua ya ofisi, wala haikuwa ya shukrani, ilisema kwamba kuingia katika kumbukumbu za watu bila ruhusa ni kosa la jinai na jina lake limehifadhiwa. Ombi lake la uraia wa Uingereza lilikuwa bado mezani, na akili yake ikaenda mbali, akajiona anarudishwa kwao kwa aibu, mkewe amesimamishwa kazi, watoto wanaitwa kuhojiwa. Kengele ya mlango ilipolia alikwenda kusimama bafuni. Alipungua kilo, akafunga mapazia mchana, akawa anaifungua fomu ile kila asubuhi aone kama bado inaonekana, na kila asubuhi ilionekana, na kila alipoifungua alijua anaongeza kosa lake. Truphosa alidhani kuna mwanamke, akamuuliza, naye akasema, “Mama Naliaka, nikikuambia tutaogopa wawili.”

Mkutano mkuu wa chama ulipokuja Birmingham mwishoni mwa Septemba, marehemu alialikwa kuzungumza katika kikao cha wanablogu kuhusu tovuti za serikali, na Bwana Narinder aliwatangazia watu wote kwamba Cleopas atalipua bomu. Tarehe 30 Septemba alisimama mbele ya ukumbi uliojaa waandishi wa habari, karatasi mkononi, akatazama kalamu zilizokuwa tayari, akafikiri kwamba wakiandika jioni hii, mwanamume wa suti ya kijivu atasoma kabla ofisi haijaamka. Akazungumza dakika mbili kuhusu salamu za Krismasi, akaketi. Watu wakaguna. Kikao kilipokwisha alimfuata mbunge mmoja, mama wa makamo, hadi kwenye ngazi, akampa karatasi iliyoeleza kila kitu, majina yote yamefutwa kwa wino mweusi, akamwambia, “Tafadhali usimsomee mtu yeyote. Ipigie simu ofisi hiyo sasa, nami nikikutazama.”

Mbunge alipiga simu palepale, na tarehe 3 Oktoba ukurasa ulifungwa. Tarehe 21 maofisa wawili wa polisi walikuja kuchukua kompyuta, ikakaa kwao miezi mitano, ikarudi bila shtaka, uraia ukatoka mwezi Aprili 2009. Katika miezi hiyo wasomaji wake walimwita mwoga aliyenunuliwa, Bwana Narinder akaacha kumsalimia, na marehemu hakujitetea hata mara moja.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Mei, akalazwa mara tatu, na katika mara ya tatu ndipo alipomweleza Truphosa yote, ili abaki mtu mmoja wa kuwa macho kwa ajili ya mama yule wa fomu. Alifariki tarehe 12 Novemba 2009, saa tisa alasiri, mkewe na watoto wakiwa kando yake.

Mama huyo amehama mji, na ni yeye mwenyewe aliyeiomba familia isome haya, akasema hataki azikwe mtu akiwa na jina la uoga kwa ajili yake. Bwana Narinder ameyasikia jana, na ni mmoja wa watakaobeba jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, wafanyakazi wenzake wa zamani, majirani, kanisa na wanatawi. Tena inawaomba jambo moja. Yule mwanamume wa suti ya kijivu alionekana tena katika mtaa wa Alum Rock, hapa Birmingham, mwezi uliopita na picha yake. Akikuuliza, hujui, hukuwahi kumwona, halafu mpigie Mark.

Baba Naliaka, sasa ni zamu yetu. Wewe pumzika kwa amani.